Katharine Hepburn, nyota wa sinema aliyekuja kuugua kwenye mto wetu

Maji yanayopita mbele ya Nyangwe, katika teritwari la Kasongo, yanashuka hadi Kibombo, Kindu na Ubundu kabla ya kuangukia maporomoko ya karibu na Kisangani. Vitabu vya historia vinawataja sana wageni wawili wa Nyangwe: David Livingstone, aliyeona kwa macho yake mauaji ya sokoni ya tarehe 15 mwezi wa saba 1871, na Henry Morton Stanley, aliyeondoka hapo mwezi wa kumi na moja 1876 pamoja na Tippu Tip, akiufuata mto kuelekea chini. Yuko mgeni mwingine aliyefika kwenye maji hayo hayo, chini zaidi, upande wa Ubundu. Hakutafuta chanzo cha Nile, hakutafuta pembe wala watumwa. Alikuja kucheza filme. Jina lake Katharine Hepburn, na hadi leo hakuna mchezaji wa filme, mwanaume wala mwanamke, aliyepata tuzo nyingi za Oscar za uigizaji kumpita yeye: nne.

Filme hiyo inaitwa The African Queen. Ilipigwa mwaka 1951, wakati Ubundu ilikuwa bado inaitwa Ponthierville na Kisangani ikiitwa Stanleyville. Huko Marekani na Ulaya wazee kwa vijana wanaijua. Huku kwetu, ambako mto wenyewe unapita, ni wachache waliowahi kuiona.

Hepburn alizaliwa tarehe 12 mwezi wa tano 1907 mjini Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Baba yake alikuwa munganga. Mama yake alikuwa mwanamke wa mapambano: alitembea barabarani kudai wanawake wapewe haki ya kupiga kura, na baadaye akadai wawe na haki ya kupanga uzazi, jambo ambalo wakati ule lilionekana aibu hata kulitaja mezani. Watoto walikua wakisikia mabishano ya wakubwa, wala hawakufukuzwa chumbani.

Mwaka 1921 kifo kiliingia katika nyumba hiyo. Kaka yake mkubwa, Tom, alikutwa amejinyonga, na aliyemkuta ni Katharine mwenyewe, akiwa na miaka 13. Tangu hapo, kwa miaka mingi sana, kila alipoulizwa tarehe yake ya kuzaliwa alitaja ile ya Tom, tarehe 8 mwezi wa kumi na moja. Ukweli aliutoa mwenyewe akiwa mzee, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1991. Wanaosema kwamba alikuwa mwanamke mkavu wa moyo wangefaa kuanzia hapo kumsoma.

Alimaliza chuo cha Bryn Mawr mwaka 1928, na mwaka huo huo akaolewa. Ndoa ilivunjika mwaka 1934. Hakuolewa tena wala hakuzaa. Filme yake ya kwanza ilitoka mwaka 1932, na filme ya mwaka 1933, Morning Glory, ikampa Oscar ya kwanza. Miaka 26 tu, na jina tayari juu.

Kupanda kwake kulikuwa kwa haraka, na kushuka kukafuata nyuma bila kuchelewa. Filme kadhaa hazikupata watu. Alivaa suruali wakati ambapo kampuni za sinema zilitaka mwanamke avae gauni. Hakutaka kupigwa picha na waandishi wa habari. Hakutaka kusaini karatasi za mashabiki. Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema wakatoa tangazo lenye majina ya wachezaji waliowaita sumu ya mlangoni, yaani watu ambao wakiwekwa kwenye bango, wateja wanabaki nyumbani. Jina la Hepburn lilikuwemo.

Alichofanya baada ya hapo kinastahili kusomwa na kila msichana anayeota kazi hii. Hakubaki kumlilia bosi. Alilipa pesa zake mwenyewe kuvunja mkataba na kampuni ya RKO, akarudi kwenye mchezo wa jukwaani, akacheza The Philadelphia Story mwaka 1939. Mchezo ulijaza watu. Haki za kuutengeneza kuwa filme alikuwa ameshikilia yeye mwenyewe, zawadi aliyonunuliwa na tajiri Howard Hughes. Kwa hiyo kampuni ya MGM ilipoutaka mchezo ilibidi imchukue na yeye, kwa masharti yake. Filme ilitoka mwaka 1940 na ile hadithi ya sumu ikazikwa. Wanawake waliokuwa na karatasi ya namna hiyo mkononi, katika Hollywood ya wakati ule, walihesabika.

Mwaka 1942 alicheza Woman of the Year pamoja na Spencer Tracy, mwanaume mwenye mke ambaye hakuachana naye. Wakapendana. Filme tisa walizicheza pamoja, na urafiki wao, ambao kila mtu wa Hollywood aliujua na hakuna gazeti lililouandika waziwazi, ulidumu hadi kifo cha Tracy mwaka 1967.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Hepburn alipopokea simu ya mtayarishaji Sam Spiegel: miaka 44 mwaka 1951, umri ambao Hollywood huanza kuwapa wanawake nafasi za mashangazi na mabibi. Spiegel alikuwa na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester, iliyotoka mwaka 1935. Ni hadithi ya Rose, dada ya mmisionari, mwanamke asiyeolewa, mwenye kofia na sala, ambaye vita vya 1914 vinamkuta katika Afrika ya Wajerumani. Kaka yake anakufa baada ya askari kuchoma kijiji. Rose anapanda boti bovu la mlevi mmoja, Charlie Allnut, na kumlazimisha washuke mto wenye maporomoko hadi ziwani ili walipue meli ya vita ya Wajerumani. Allnut alichezwa na Humphrey Bogart.

Wasomaji wa Kabambare, ambao soko lao linatazama Kalemie na Ziwa Tanganyika, watatambua hadithi hiyo ilikotoka. Mwaka 1915 Waingereza walileta kweli boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupigana na Wajerumani ziwani. Zilitoka Cape Town kwa treni hadi Fungurume, zikavutwa milimani kwa mashine za mvuke na ng'ombe, zikapanda treni tena hadi Bukama, zikateremka Lualaba hadi Kabalo, na kutoka hapo treni ikazifikisha kwenye ziwa, mahali panapoitwa leo Kalemie. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1915 ziliikamata meli ya kwanza ya Wajerumani. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916; Waingereza wakaitoa majini na kuiita Liemba, jina ambalo kila mfanyabiashara wa Kigoma analijua. Forester alichukua vita hivyo, akabadili majina, akaweka mapenzi ndani yake. Wakongomani waliosukuma, waliobeba na waliokata njia ya boti hizo hakuwaweka.

Mwongozaji wa filme alikuwa John Huston, mtu wa pombe, farasi na bunduki. Kampuni ilitaka filme ipigwe mahali rahisi. Huston alikataa: alitaka mto wa kweli. Akauchagua Ruiki, mto mdogo wa maji meusi unaoingia Lualaba, na kambi ikajengwa Biondo, ndani ya msitu, si mbali na Ponthierville. Lauren Bacall, mke wa Bogart na nyota mwenyewe, alikuja pia, bila nafasi katika filme. Kazi yake ikawa kupika na kuwauguza wagonjwa.

Njia ya kufika ilikuwa ile ile ya wakaaji wote wa wakati ule: ndege hadi Stanleyville, halafu treni ya kuni ya kilomita 125 hadi Ponthierville, reli iliyojengwa mwanzoni mwa karne kwa sababu maporomoko yanazuia meli. Ponthierville ndipo meli za kutoka Kindu zilipoishia, baada ya safari ya kilomita kama 300. Mtu wa Kasongo aliyetaka kwenda Stanleyville mwaka huo alipita mahali hapo hapo na mizigo yake. Inawezekana kabisa watu wa Maniema na mastaa wa Hollywood walipishana kwenye kituo kimoja bila kujuana.

Kazi yenyewe ilikuwa mateso. Boti dogo lilikuwa halitoshi mashine za kamera, kwa hiyo walitengeneza majahazi ya mbao na kuyafunga nyuma yake, moja baada ya jingine: la kamera, la taa na sauti, la jenereta, na moja la Hepburn kubadilishia nguo, lenye kioo kirefu. Mto una kona kali. Majahazi yaligonga ukingo, matawi yakashika taa, kioo kikavunjika, na chumba cha nguo cha nyota huyo kikaachwa kabisa. Akaendelea kubadilisha nguo msituni. Siku moja boti lenyewe likazama, likavutwa kutoka chini kwa kamba na mikono ya watu. Siafu waliingia kambini usiku. Haya yote mtu wa Maniema anayasoma akitabasamu kidogo, maana kwake siafu ndani ya nyumba si habari ya gazeti.

Ugonjwa haukuchekesha. Karibu timu nzima ilipata kuhara damu au malaria. Bogart na Huston peke yao walibaki wazima, na Bogart alijisifu maisha yake yote kwamba siri ni wiski: hakunywa maji. Hepburn, binti wa munganga, ambaye hakupenda ulevi wao na alitaka kuwafunza adabu, alikunywa maji, maji mengi, mbele yao, kwa makusudi. Basi ni yeye aliyeanguka. Alikonda sana. Katika sehemu ya kanisa, ambapo Rose anapiga kinanda wakati wa ibada, ndoo iliwekwa karibu, nje ya jicho la kamera, ili atapike kati ya picha moja na nyingine. Anayeitazama sehemu hiyo leo anaona uso mgumu, mweupe, wenye heshima ya kanisani. Sehemu kubwa ya heshima hiyo ni tumbo.

Mwanzoni hata hakujua amcheze vipi Rose. Huston alimwendea na kumpa shauri moja: amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, alivyokuwa akitabasamu alipowatembelea askari waliojeruhiwa hospitalini. Rose mwenye uso wa huzuni akageuka Rose anayetabasamu katika hali yoyote. Hepburn alisema baadaye kuwa hilo lilikuwa shauri bora la uongozaji alilowahi kusikia. Baada ya hapo, yeye aliyekasirishwa na tabia ya Huston ya kuacha kazi na kwenda kuwinda tembo, alichukua bunduki na kumfuata msituni. Mambo ya uwindaji huo yaliandikwa kwa uchungu na Peter Viertel, aliyesaidia kuandika filme, katika riwaya iliyotoka mwaka 1953. Clint Eastwood akaifanya filme mwaka 1990.

Baada ya Kongo timu ilihamia Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison, halafu London. Sehemu ambazo Rose na Allnut wanaingia majini zilipigwa London, ndani ya tangi. Maji yetu yalionekana ya hatari mno, kwa mamba na kwa kichocho.

Na watu wa Biondo? Hapo ndipo filme hii inapouma. Waliokata msitu, waliojenga kambi, waliopiga makasia, waliovuta boti lililozama, waliopika na kubeba, majina yao hayamo katika orodha ya mwisho ya filme. Katika vitabu vya wageni wanatajwa kwa jumla, kama miti. Bacall alikuwa na utani wake alioupenda: eti wenyeji waliambiwa waliangalie boti, nao wakaliangalia likizama. Kuna pia kisa kilichorudiwa mara nyingi, kwamba watu walioandikwa kazi ya kuonekana kwenye filme hawakuja asubuhi kwa sababu waliogopa kuliwa na wazungu. Wamarekani wanakicheka. Mkongomani wa mashariki hacheki haraka hivyo. Wazee wa Katanga na kwingine wanakumbuka hofu ya batumbula, ya wazungu wanaokamata watu usiku. Ilikuwa lugha ya watu waliowahi kuona jirani akichukuliwa kwa kazi ya nguvu asirudi. Kukataa kwenda mahali mgeni anapokuita bila kueleza anataka nini, katika bonde la Lualaba, kulikuwa ni akili.

Ndani ya filme yenyewe, Waafrika wanaonekana mwanzoni, kanisani, wakiimba wimbo wasioujua, halafu askari wanachoma kijiji chao na hatuwaoni tena. Saa nzima na zaidi ya filme inapita kwenye mto wenye vijiji bila mtu wa kijiji kuwa na neno la kusema. Uzuri wa kazi ya Hepburn hauondoi hilo.

Wenyeji hata kuitazama haikuwa rahisi. Utawala wa Wabelgiji haukumruhusu Mwafrika kuangalia filme yoyote aliyoitaka. Ilibidi kamati ipitishe kwanza. Zilizoletwa vijijini, kwa gari na jenereta, zilikuwa hasa zile za mapadri, kama vichekesho vya Matamata na Pilipili vilivyopigwa Kasai.

The African Queen ilionyeshwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1951, siku ile ile ya kumbukumbu ya vita vya ziwani vya 1915, bila shaka kwa bahati tu: kampuni ilikimbilia kuwahi mashindano ya Oscar ya mwaka huo. Bogart alishinda, Oscar pekee ya maisha yake. Hepburn alitajwa kati ya washindani, akakosa. Lakini filme ilimfungulia mlango ambao kwa wanawake wa umri wake ulikuwa umefungwa. Kuanzia hapo alicheza wanawake wakubwa wenye akili na njaa ya maisha. Oscar ya pili aliipata kwa Guess Who's Coming to Dinner, filme juu ya msichana mzungu anayemleta nyumbani mchumba mweusi, iliyochezwa na Sidney Poitier na ambayo Tracy aliimaliza siku chache tu kabla ya kufa. Ya tatu ilikuja mwaka 1969 kwa The Lion in Winter, ya nne mwaka 1982 kwa On Golden Pond, akiwa na miaka 74 na kichwa na mikono vikitetemeka mbele ya kamera. Hakwenda kuchukua hata moja.

Mambo ya Biondo aliyaandika mwenyewe mwaka 1987, katika kitabu kidogo ambacho jina lake refu linasema kwamba karibu apoteze akili huko. Ni kitabu cha mtu aliyependa safari kuliko alivyokubali. Analalamika juu ya choo, anaokota maua, anasifu msitu. Anaandika vizuri. Majina ya wenyeji, hata yeye, anayo machache.

Hepburn wa pili, asiye ndugu yake, alifuata njia hiyo miaka saba baadaye. Audrey Hepburn alikuja Stanleyville mwanzoni mwa 1958 kupiga The Nun's Story ya Fred Zinnemann, na sehemu ya wakoma ilipigwa Yakusu, kwenye hospitali ya wamisionari Wabatisti. Tena mto huo huo, tena sista mzungu katikati na Wakongomani pembeni.

Ilichukua muda mrefu kabla ya mwanamke wa Kongo kusimama katikati ya picha na dunia kumtazama. Mwezi wa pili 2012, Rachel Mwanza, msichana aliyeishi barabarani Kinshasa, alishinda tuzo ya mchezaji bora wa kike katika tamasha la Berlin kwa filme Rebelle ya Kim Nguyen, juu ya mtoto aliyetekwa na kufanywa askari. Hakuwa amesomea kazi hiyo. Mwaka 2017 Véro Tshanda Beya akabeba Félicité ya Alain Gomis, mwimbaji wa baa anayezunguka Kinshasa akitafuta pesa za kumtibu mtoto. Zote mbili zilipigwa Kinshasa. Maniema, yenye mto ambao Huston alivuka dunia kuutafuta, bado inangoja filme yake, na soko la Nyangwe la 1871 peke yake lingetosha kwa kuanzia.

Katharine Hepburn alikufa tarehe 29 mwezi wa sita 2003 nyumbani kwake Old Saybrook, Connecticut, akiwa na miaka 96. Boti la filme linaishi bado. Liko Key Largo, Florida, limetengenezwa upya, na watalii wanalipa kulipanda kwa safari fupi. Lilijengwa Uingereza mwaka 1912 kwa kazi ya kubeba watu na mizigo kwenye Ziwa Albert, kati ya Uganda na Kongo. Kabla sinema haijalipa jina la malkia, liliitwa Livingstone.